Kubabua magugu ya pamba kwa moto wa gesi: upite lini, bana ipi, gesi kiasi gani kwa eka?

mkulima_kahe:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kwa anayejua vizuri kutumia moto wa gesi kuua magugu kwenye pamba.

Shamba ni eka mbili, tambarare ya Kahe huku chini ya Moshi. Udongo ni mweusi, wa kunata, ukikauka unapasuka nyufa. Pamba itapandwa masika yakishika, sentimita 90 kati ya mstari na mstari, 30 kati ya shimo na shimo. Mnunuzi anataka pamba ya kilimo hai, kwa hiyo dawa ya magugu haiingii shambani. Yanayosumbua ni mchicha pori, kishonanguo, gugu karoti upande wa barabarani, na ndago kwenye kona inayotuamisha maji.

Maswali yangu: moto upite lini bila kuunguza pamba yenyewe? Ile bana (kichomeo cha gesi) ya mafundi wanaobandika lami kwenye mapaa inafaa? Mtungi wa kilo 15 unatosha eka ngapi? Na kwa nini nikijaribu kwenye kipande kidogo mtungi unatoa jasho, halafu moto unafifia wakati ukiutikisa gesi bado imo?

---

bwanashamba_himo:

Mkuu, inawezekana, ila pamba inakupa nafasi mbili tu za kupitisha moto kwenye mstari. Ya kwanza ni baada ya kupanda, kabla mche haujachungulia. Ya pili ni pale mmea umefika sentimita 20 hadi 25 na shina, usawa wa udongo, lina unene wa milimita 5 au zaidi, sawa na mrija wa soda. Kati ya nafasi hizo mbili kuna wiki tano hivi, na humo moto hausogelei mstari kabisa. Humo ni jembe na mkono. Anayekuambia moto unaondoa palizi yote ya pamba hajaiangalia pamba vizuri.

Wengi wanapotoshwa na mahindi. Mahindi machanga yakibabuliwa yanarudi, kwa sababu kiini cha kukua kinakaa chini ya udongo mpaka mmea uwe na majani matano au sita. Pamba haiko hivyo. Inatoka ardhini na majani yake mawili ya mbegu, na kiini kimekaa katikati ya hayo majani, juu, wazi. Moto ukipita hapo hakuna jicho lililobaki chini la kuchipulia. Shimo limekufa, unarudishia mbegu.

Pia tuelewane kuhusu neno. Huchomi, unababua. Jani halitakiwi kuwa jivu wala jeusi. Moto unaligusa kwa muda mfupi sana, sehemu ya sekunde, maji yaliyo ndani yanachemka na kuta za chembe zinapasuka. Ukimaliza kupita, gugu bado ni la kijani, na mtu asiyejua atasema hujafanya kitu. Kipimo ni hiki: shika jani moja, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha liachie. Likibaki na alama ya kidole ya kijani kilichoiva, kama jani lililoloweshwa, limekwisha. Baada ya saa chache litalala, siku ya pili au ya tatu litakuwa limekauka. Ukisubiri mpaka likunjamane na kutoa moshi ndipo usogee, unatumia gesi mara mbili au tatu bila faida yoyote.

Sasa hiyo nafasi ya kwanza, maana ndiyo yenye thamani kubwa kwako.

Lima mapema na ulainishe. Udongo wa Kahe ukilimwa ukiwa na unyevu mwingi unaacha mabonge kama matofali, na kila bonge ni mwavuli wa gugu lililo nyuma yake. Vunja mabonge, sawazisha, kisha acha mvua ya kwanza iamshe magugu. Wiki mbili baadaye yatakuwa na majani mawili hadi manne. Hapo panda pamba kwa kuchimba vishimo tu, bila kugeuza ardhi tena, kina cha sentimita 2 hadi 3. Ukigeuza ardhi unapandisha mbegu nyingine za magugu juu na kazi inaanza upya. Moto wenyewe haugusi mbegu zilizofukiwa, joto linaingia milimita chache tu, na hiyo ndiyo faida: zilizolala chini zinabaki zimelala.

Kwa joto la huko kwenu na unyevu wa kutosha, pamba inachungulia siku ya 5 hadi ya 8. Unataka kupitisha moto siku moja kabla. Kuijua siku hiyo, fanya mambo mawili. Kuanzia siku ya tatu, fukua mashimo kumi kila asubuhi sehemu tofauti za shamba utazame shingo ya mche imefika wapi. Ikibaki sentimita moja hivi kufika juu, ni leo. La pili, siku ya kupanda funika mita moja ya mstari kwa kioo au nailoni inayopitisha mwanga, uikandamize pembeni kwa udongo. Chini yake panapata joto zaidi na miche inatangulia. Ukiiona imetoka pale na kwingine bado, washa bana siku hiyohiyo. Ukisema kesho, mvua ikinyesha usiku, umeikosa.

Udongo ukiwa umeshatatuka juu ya shimo, ruka shimo hilo. Moto unaingia kwenye ufa.

Na mbegu. Kama una mbegu ya manyoya, haioti kwa pamoja kama iliyotolewa manyoya. Manyoya yanachelewesha maji kuingia, shimo moja linaota siku ya 5, la jirani siku ya 9. Kwa njia ya moto hilo ni tatizo kubwa kuliko kwa jembe, kwa sababu siku moja haiwezi kuwa sahihi kwa shamba zima. Tafuta mbegu ya kipara. Ukikosa, loweka ya manyoya usiku mmoja, ichuje, panda asubuhi kwenye udongo wenye unyevu.

---

fundi_njiro:

Nijibu upande wa vifaa na ule mtungi unaotoa jasho.

Jasho kwanza. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika. Ili iwe hewa lazima ichemke, na joto la kuchemkia inalichukua kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Ukiivuta kwa kasi, mtungi unapoa kuliko unavyoweza kupata joto kutoka nje. Unaanza umande, kisha barafu nyeupe usawa wa kimiminika kilipo, presha inashuka, moto unafifia. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kuchemka karibu na nyuzi 0, kwa hiyo inayobaki mwishoni ni nzito zaidi na ni mvivu zaidi. Asubuhi za Juni na Julai, hasa huku Arusha, inaonekana wazi.

Mtungi wa kilo 15 unatoa kama kilo moja kwa saa bila taabu. Bana ya shamba inakula zaidi ya mara mbili ya hapo. Tiba ni tatu, chagua: tumia mtungi wa kilo 38, ambao una kimiminika kingi na chuma kingi cha kukusanya joto, au unganisha mitungi miwili ya kilo 15 kwa kiungo cha T kabla ya regulata, kila mmoja na koki yake, au weka mtungi kwenye beseni la maji ya kawaida yanayofika robo ya kimo chake. Maji ya vuguvugu ni sawa, yasizidi joto ambalo mkono unalivumilia bila kuutoa. Usiupashe mtungi kwa moto hata sekunde. Na usiulaze wala kuugeuza chini juu ukidhani unatoa iliyobaki: kinachotoka hapo ni kimiminika, kinafika kwenye bana kama kimiminika, na ulimi wa moto wa nusu mita unakuwa wa mita tatu.

Bana ya lami: ile yenye mdomo wa milimita 60 inafanya kazi ila ni mlafi. Ukiifungua inaweza kupita kilo 6 kwa saa, na ulimi wake ni mpana na wa duara, hauelekezeki karibu na mstari. Tafuta yenye mdomo wa milimita 30 hadi 35. Baadaye, kwa kazi ya kupita ubavuni mwa pamba iliyokomaa, pua bapa ndiyo nzuri, inatoa moto kama ulimi uliolala.

Regulata ya jikoni haifai. Inatoa takriban milibar 30, hiyo ni ya kuchemshia chai. Unataka ya presha kubwa, ya kurekebisha, baa 0 hadi 4, yenye geji. Bila geji huwezi kurudia kipimo cha jana. Kwa bana moja yenye mdomo wa milimita 30, fanya kazi kati ya baa 1.5 na 2.

Mpira uwe wa gesi hasa, wa presha kubwa, ulioandikwa hivyo ubavuni. Watu wanafunga mpira wa kompresa ya upepo au wa kumwagilia. Gesi inalainisha mpira wa namna hiyo kwa ndani, unavimba, halafu unachomoka kwenye kiungo ukiwa na moto mkononi. Mita 8 hadi 10 zinatosha. Kila mwisho klipu ya skrubu, si waya. Mara tu baada ya regulata, weka valvu inayojifunga yenyewe mpira ukikatika. Ni kipande kidogo cha shaba, usikiruke.

Fimbo ya bana iwe na urefu wa sentimita 80 hadi 100 ili mtu asimame wima. Akiinama atachoka, akichoka mwendo unabadilika, na mwendo ukibadilika kipimo cha moto kimebadilika.

Kwa kupita kabla pamba haijatoka, tengeneza kifuniko. Bati jeusi la milimita 1.5, umbo la boksi lisilo na chini: upana sentimita 25, urefu 40, kimo 15. Pembeni weka vyuma viwili vya kuteleza vinavyoliinua sentimita 2 kutoka ardhini. Bana inaingia mbele kwa pembe ya nyuzi 45 ikitazama nyuma, na nyuma unaacha wazi upana wote, kimo cha sentimita 5. Kifuniko kinazuia upepo na kinalibakiza joto juu ya gugu muda mrefu zaidi kwa gesi ileile. Kosa la kawaida ni kuchomeka bana ndani mno. Vile vitundu vya hewa nyuma ya mdomo vikiingia ndani ya boksi vinanyonya moshi badala ya hewa; moto unakuwa wa njano, unaacha masizi, na boksi linaanza kupiga pu-pu-pu. Vitundu vibaki nje, angalau sentimita 3. Moto sahihi ni wa bluu, unavuma kwa sauti moja.

Mtungi ukae wima kwenye toroli, umefungwa mkanda. Kuubeba mgongoni sikushauri kwa kifaa kilichochomelewa na mafundi wa mtaani: mpira ukivuja nyuma ya shingo hutauona, na mikanda haivuliki kwa haraka.

Kila asubuhi povu la sabuni kwenye viungo vyote kabla ya kuwasha. Kuzima: funga koki ya mtungi kwanza, acha moto ule gesi iliyobaki kwenye mpira mpaka ufe wenyewe, ndipo ufunge bana.

---

bwanashamba_himo:

Fundi kaeleza vizuri. Niongeze hesabu ya gesi.

Kwa magugu yenye majani mawili hadi manne, kipimo cha kawaida ni kilo 30 hadi 50 za gesi kwa hekta ya eneo linaloguswa na moto. Chukua 50 kwa usalama. Eka nzima ikibabuliwa kote ni kilo 20. Hiyo ni hasara, kwa sababu katikati ya mistari jembe au plau ya ng'ombe inapita vizuri tu. Babua mkanda wa sentimita 25 juu ya mstari, mahali ambapo jembe linaogopa kufika.

Mistari ya sentimita 90 inakupa mita 4,500 hivi za mstari kwa eka. Kwa mkanda wa sentimita 25 ni mita za mraba 1,125, na gesi yake ni kilo 5.6. Ukitembea kilomita 2 kwa saa utamaliza eka kwa saa mbili na robo, bana ikila kilo 2.5 kwa saa. Eka zako mbili ni kilo 11 na kitu, mtungi wa kilo 15 unatosha na unabaki. Ungepanda sentimita 60 kama inavyohimizwa siku hizi, mita za mstari zinakuwa 6,750 kwa eka na gesi inapanda hadi kilo 8.4.

Mambo mawili ya kupima kabla hujaingia shambani. Mwendo: pima mita 50, zitembee kwa sekunde 90. Hiyo ndiyo kilomita 2 kwa saa, na utashangaa ilivyo polepole. Rudia mpaka mguu uzoee. Ulaji wa bana: pima mtungi kwa mizani, washa dakika 10 kwenye presha utakayotumia, pima tena, zidisha kwa 6. Ikitoka 2.5 uko sawa. Ikitoka 4, ama shusha presha, ama ongeza mwendo. Kisha jaribu mita 10 na utumie alama ya kidole. Alama isipotokea punguza mwendo kidogo. Usiongeze presha kwanza.

Wakati wa siku: subiri umande ukauke wote. Jani lenye maji juu linakula joto la bure. Mchana wa jua, majani yakiwa yamelegea kidogo, yanakufa kwa gesi pungufu kuliko asubuhi. Lakini tambarare ile upepo wa alasiri unapeperusha moto, kwa hiyo saa tatu na nusu hadi saa sita ndiyo saa yako. Tembea upepo ukiwa mgongoni au usoni, usiwe wa ubavuni.

---

dada_ngaramtoni:

Kuhusu aina za magugu, maana hayafi sawa.

Mchicha pori na kishonanguo katika majani mawili hadi manne: yanakufa vizuri, haya ndiyo moto umeumbiwa. Yakifika sentimita 10 yanaungua majani na kuchipua kwenye vifundo vya chini. Kongwe, lile la maua ya bluu linalotambaa, lina shina nene lenye maji. Likiwa dogo sana linakufa, likishatambaa litarudi, ling'olewe na kutolewa nje ya shamba kwa sababu kila kifundo kinaota mizizi.

Jamii ya nyasi ni ngumu kuliko majani mapana. Kiini chake kimefichwa ndani ya ala, usawa wa udongo au chini yake, kwa hiyo linakauka juu na baada ya siku saba linatoa jani jipya. Unaweza kulidhoofisha kwa kurudia kila baada ya siku 7 hadi 10, ukilikuta na jani moja au mawili.

Ndago na sangari usipotezee gesi. Ndago ina viazi chini, sangari ina mizizi mirefu inayotambaa. Moto unakata nywele tu. Ile kona yako inayotuamisha maji, toboa mfereji maji yatoke kwanza, kisha ndago ichimbwe kwa uma wa shamba wakati udongo una unyevu, viazi viokotwe na kukaushwa juani. Ukiilima kwa jembe unaikata na kuitawanya.

Gugu karoti linahitaji uangalifu wa peke yake. Likiwa chipukizi la majani mawili hadi manne linakufa. Baada ya hapo linatandaza majani kama kisahani kilicholala chini, na moyo wake uko katikati, umebanwa na ardhi. Moto unaopita juu unaunguza kisahani na kuacha moyo. Kwa hilo simamisha bana moja kwa moja juu ya moyo kwa sekunde moja hadi mbili, nje ya mstari wa pamba. Likishatoa maua meupe, usilibabue likiwa limesimama: usijidanganye kwa glavu nyembamba, vaa za mpira na mikono mirefu, funika pua, ling'oe, weka kwenye kiroba. Utomvu na vumbi lake vinawasha ngozi na kubana kifua. Mmea mmoja unatoa mbegu kwa maelfu, kwa hiyo ukanda wa barabarani ushughulikie kila mvua inapoamsha chipukizi jipya, hata pamba ikiwa bado haijapandwa.

---

mkulima_kahe:

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Nimebaki na hili: ile nafasi ya pili, pamba ikifika sentimita 25. Bana naishikaje? Nikiangalia mmea majani ya chini yanakaribia kugusa udongo, sielewi moto unapita wapi bila kuyala. Na upande wa mashariki kuna mabua ya mahindi makavu ya jirani yamesimama mpaka mpakani.

---

bwanashamba_himo:

Hapo boksi la fundi unaliweka kando, unatumia pua bapa.

Fikiria shina la pamba ni mguu wa meza. Moto unatakiwa kupita chini ya meza, uguse mguu kwa kupita tu, na uyapate magugu yaliyozunguka mguu. Simama katikati ya mistari. Mdomo wa bana uwe sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye shina, umeinama nyuzi 30 hadi 45 kutoka ardhini. Usilenge shina. Lenga udongo, sentimita 5 kabla ya kufika kwenye shina. Moto unagonga pale, unalala, unateleza chini ya majani na kutokea upande wa pili. Fanya upande mmoja wa mstari mpaka mwisho, kisha rudi na upande wa pili. Watu wawili wasipite pande zote mbili kwa pamoja wakitazamana, kwa sababu ndimi mbili zikikutana kwenye shina zinapanda juu na kuchoma majani. Hata bana za trekta hupishanishwa kwa sababu hiyo.

Wamarekani wa kusini walifanya hivi kwenye pamba kuanzia miaka ya 1940, bana mbili kwa kila mstari nyuma ya trekta. Wazo la mashine ya moto shambani ni la zamani zaidi, John A. Craig wa Arkansas alipewa hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya kwake mwaka 1852, kwa ajili ya miwa. Dawa za magugu zilipoenea na mafuta yakapanda bei miaka ya 1970, nyingi ziliwekwa kando. Vipimo vya pembe na umbali ninavyokupa ndivyo vilivyobaki vikitumika tangu enzi hizo.

Mwendo hapa ni wa haraka zaidi: mita 50 kwa sekunde 60. Shina linavumilia mguso mfupi kwa sababu ganda lake limeshakuwa gumu, halivumilii kusubiriwa. Usisimame hata kidogo moto ukiwa umeelekezwa kwenye mstari; ukikwama, inua mdomo juu na uutoe nje. Pande mbili za mstari kwa eka ni kilomita 9, saa tatu, gesi kilo 7.5. Magugu yawe chini ya sentimita 5, yakizidi hapo umechelewa, chukua jembe.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni udongo ulioachwa na palizi iliyotangulia. Jembe likiacha kituta au mabonge kando ya mstari, moto ukigonga pale hauteleziki tena, unaruka juu kwenye majani. Kwa hiyo palizi ya mwisho ya mkono, kabla ya moto wa kwanza, ivutwe udongo mbali na mstari na isawazishwe. Usipandishie tuta pamba unayotaka kuibabua.

Majani mawili ya chini kabisa yatakauka ncha, na pamba itayafidia bila kuonyesha. Kesho yake asubuhi kagua mashina ishirini. Kwaruza ganda kwa ukucha usawa wa udongo. Ndani pakiwa kijani na pabichi, mwendo ulikuwa sahihi. Ukikuta rangi ya kahawia upande mmoja, ongeza mwendo. Kahawia ikizunguka shina lote kama pete, mmea huo utasimama siku kadhaa ukionekana mzima, kisha utanyauka jua likikaza, maana njia ya chakula kwenda mizizini imekatwa.

Rudia baada ya siku 7 hadi 10, mara mbili au tatu, mpaka kivuli cha pamba kizibe katikati ya mistari. Simama matawi ya chini yenye machipukizi ya maua yakianza kulala kwenye njia ya moto. Na kitumba kimoja kikishapasuka shambani, bana haiingii tena. Nyuzi za pamba kavu zinashika moto kwa cheche moja, na moto unatembea kitumba hadi kitumba kwa haraka.

---

mzee_wa_mwanga:

Hayo mabua ya jirani ndiyo ningeanza nayo kabla ya yote.

Zungumza naye mapema ayalaze au ayaondoe upana wa mita 5 kutoka mpakani. Upande wako lima mkanda wa mita 3 uwe udongo mtupu. Ikiwa hakubali, mistari mitano ya upande huo ipalilie kwa jembe, moto usifike huko. Nenda pia kwa mtendaji wa kijiji ueleze siku na saa, vijiji vingi vina sheria ndogo za moto, na moshi au mvumo wa bana ukionekana bila taarifa mgambo watakuja kukusimamisha katikati ya kazi, siku ambayo pamba yako haisubiri.

Shambani muwe wawili. Mmoja na bana, mwingine nyuma yake kwa hatua kumi akiwa na bomba la mgongoni la lita 16 lililojaa maji, ambalo halijawahi kuwekwa dawa ya magugu. Hilo la mwisho lina sababu mbili: wewe ni wa kilimo hai, na pamba inaumwa vibaya na 2,4-D (dawa ya kuua magugu ya majani mapana) hata kwa mabaki yaliyonata kwenye mpira wa bomba, majani yanakunjamana kuwa membamba kama vidole. Ukiona majani ya namna hiyo upande wa mpakani, usilaumu moto wako, uliza jirani alipulizia nini kwenye mahindi.

Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatiririka na kutulia kwenye mfereji wa maji au kwenye nyufa za udongo wako mweusi. Toroli lenye mtungi usiliegeshe ndani ya mfereji wala upande wa juu wa mteremko kuliko ulipo moto. Ukisikia harufu, funga mtungi, ondokeni mwelekeo wa upepo unakotoka, subiri.

Kama kuna mipira ya umwagiliaji wa matone iliyotandazwa juu, ivute itoke kwanza, inayeyuka kabla hujaiona. Viatu vya ngozi au gambuti, suruali ya pamba nzito, si ya nailoni. Ukimaliza, zima kila kitu na mbaki shambani nusu saa mkipita mistari yote, mkitazama vijiti na mizizi mikavu ya msimu uliopita. Hiyo huwa inafuka taratibu bila ulimi wa moto. Mabua ya zamani na maotea ya pamba yawe yameshang'olewa na kuteketezwa tangu baada ya mavuno, kama taratibu za pamba zinavyotaka kwa ajili ya wadudu. Ukiyakuta bado yamo, siku hiyo si ya kuwasha bana.